Shangazi na Kitufe Kilichogoma

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mratibu wetu wa kazi, ambaye kila mtu hapa kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi humwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hiyo ndiyo tarehe iliyo kwenye barua. Mfumo wa kompyuta una maoni tofauti, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mpokea simu za hitilafu, na meza yangu inatazamana na yake. Afisa utumishi aliponiomba niandike wasifu huu alitabasamu kuliko kawaida yake, akasisitiza uwe mfupi na wa kufurahisha. Mtu akinihimiza kufupisha jambo, huwa namtilia shaka hapohapo. Rasimu ya kwanza ilirudi ikiwa imepungua aya mbili. Nimezirudisha. Ukisoma programu hii ya sherehe ukakuta habari inaruka kutoka kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye keki na shukrani, ujue mkasi umepita tena, na mwenye mkasi tunamfahamu.

Shangazi aliajiriwa kupokea simu, kwenye kiti hiki ninachokalia sasa, wakati kampuni ina mafundi wachache wa lifti, pampu na jenereta, na gari moja lililokuwa likiwashwa kwa kusukumwa. Hitilafu ziliandikwa kwenye kadi, na kadi zikatundikwa ukutani kwa safu: lifti huku, pampu kule, jenereta karibu na dirisha. Shangazi hakuzipenda hizo safu. Alikuwa akishusha kadi ya safu hii na kadi ya safu ile, anazifunga pamoja kwa kimpira, kisha anazitundika tena kama mapacha. Fundi pampu akija kuchukua kadi yake, alilazimika kusoma na ya mwenzake. Wengi walinung'unika kwamba anawapa kazi ya kusoma mambo yasiyowahusu.

"Yasiyokuhusu umeyajuaje kabla hujayasoma?" alikuwa akiwauliza, na hakuwahi kusubiri jibu.

Kwake, hakuna hitilafu iliyozaliwa peke yake. Wapangaji wa ghorofa za juu wakipiga simu kwamba maji hayapandi, na siku hiyohiyo mlinzi wa jengo lilelile akasema lifti inanuka unyevu, Shangazi alikunja uso kama aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa. Hizi ni za tumbo moja, alisema. Mafundi wakaenda wawili, wakakuta bomba la pampu linavujia kwenye shimo la lifti. Kuanzia hapo akazipa hitilafu zote undugu. Zilikuwapo za damu, za kambo, na zile alizoziita mashemeji, ambazo hazina asili moja lakini ikiharibika moja nyingine inalazimika kuhudhuria. Jina la Shangazi lilitoka huko. Kila ukoo una shangazi mmoja anayejua nani ni nani wa nani, na ukoo wa hitilafu ulimpata wa kwake.

Nisiandike kana kwamba hakukosea. Sukari ya jikoni ilipoanza kupungua kwa namna isiyoeleweka, aliunganisha suala hilo na siku ambayo mhasibu alikabidhiwa ufunguo wa jiko. Mhasibu alinuna, na bado ananuna kidogo. Baadaye ilidhihirika kwamba mhasibu hatumii sukari kabisa, daktari alimkataza. Shangazi alimwomba radhi mbele ya watu wote. Sukari inaendelea kupungua. Nina mtu ninayemshuku, ila leo si siku yake.

Mfumo wa kompyuta ulipokuja, alikuja nao mkufunzi kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliyesema kila kitu kitakuwa rahisi. Shangazi aliniinamia akaninong'oneza kwamba mashine ikikutabasamia hivyo, ina jambo. Akanyoosha mkono na kuuliza swali moja tu: kimpira kiko wapi? Mkufunzi hakuelewa, tukamweleza habari za kadi, ndipo akatuonyesha kitufe kilichoandikwa "Unganisha". Kazi moja inaweza kuwa mama wa nyingine, au mtoto wake. Inaweza kuhusiana na nyingine. Inaweza pia kuzuiwa na nyingine, maana yake haiwezi kufungwa mpaka ile inayoizuia imalizike kwanza. Zikishaunganishwa, picha, maelezo na majina ya mafundi wa upande huu yanaonekana upande wa pili, na wote wanaozifuatilia wanapata arifa.

"Na shemeji?" Shangazi aliuliza. Mkufunzi akacheka. Shangazi hakucheka. Akauliza tena, mtu akikata kiungo nitajuaje? Akajibiwa kwamba mfumo humdai sababu, na sababu hiyo husomwa na kila anayeifuatilia kazi hiyo. Nilimwona akitikisa kichwa taratibu, jinsi mtu anavyotikisa anapoweka kitu kabatini akijua atakihitaji.

Aliupenda mfumo huo bila kuuamini, na nadhani ndiyo njia sahihi. Aliweka sheria yake mwenyewe, ambayo haimo kwenye mwongozo wowote: kitufe cha "Imekamilika" habonyezi aliyefanya kazi, anabonyeza aliyelalamika. Ndiyo maana nimetumia nusu ya ajira yangu kuwapigia wapangaji simu kuwauliza kama kweli lifti yao inapanda. Wengine walidhani nawatania.

Sasa nafika kwenye aya zilizopotea.

Mnamkumbuka Fundi Ngazi. Alikuwa fundi lifti hodari, na tulimwita hivyo kwa sababu lifti alizozitengeneza mwenyewe hakuzipanda. Alipita ngazi, ghorofa zote, akipiga mluzi. Mwaka jana meneja wa uendeshaji alitoa agizo kwamba kila idara ibaki na kazi zake, kwa kuwa wateja waliotembelea ofisi waliona viungo vingi kwenye skrini wakauliza kama tumechanganyikiwa. Viungo vyote kati ya idara na idara vikakatwa kwa mkupuo. Sababu iliyoandikwa ilikuwa "usafi". Shangazi aliandika chini yake kwa adabu kwamba usafi wa namna hiyo unamtia wasiwasi. Hakujibiwa.

Wiki hiyohiyo Fundi Ngazi alikuwa juu ya paa la chumba cha lifti, ndani ya shimo, akikaza boliti. Idara ya jenereta nayo ilikuwa na kazi katika jengo hilo: kuzima umeme wote na kubadilisha swichi. Kazi mbili, jengo moja, asubuhi moja, na hakuna iliyoitaja nyingine. Wakazima. Giza likamkuta mwenzetu akiwa na mguu mmoja hewani, akaukanyagisha pasipo na kitu. Mguu ulivunjika vibaya, na kupona kwake ndilo jambo la kwanza la kumshukuru Mungu katika habari hii.

Taarifa ya ajali iliandikwa haraka, haraka iliyonitia shaka. Chanzo: uzembe wa fundi, hakuwa na tochi. Ni kweli hakuwa nayo. Shangazi aliisoma akasema kwa sauti iliyosikika hadi bohari: "Aliyekosa tochi kaulizwa. Aliyezima taa je?" Hakuwa akiwalaumu watu wa jenereta, nao hawakuambiwa kitu. Alikuwa akiuliza nani aliyakata mawasiliano kati yao. Kazi ya ajali ikafungwa kwenye mfumo, "Imekamilika", bila aliyeumia kuulizwa neno. Fundi Ngazi akaachishwa kazi.

Kilichofuata nakijua kuliko wengine kwa sababu simu zote zinaanzia kwangu. Kila kampuni aliyoomba kazi ilipiga hapa kuuliza habari zake. Niliwaunganisha na utumishi, utumishi wakafungua taarifa, wakasoma lile neno. Simu hizo zilikuwa fupi sana. Uzembe. Fundi aliyekuwa akikagua nyaya kwa kidole kama mama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto, alikaa nyumbani na neno moja lililomtangulia kila mlango. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Mwezi uliopita afisa utumishi alifungua kwenye mfumo kazi mama iitwayo "Kumuaga mstaafu", akaizalia watoto: keki, viti, zawadi, kukusanya funguo, kufunga akaunti. Ilikuwa iwe siri. Lakini mtu wa bohari aliunganisha keki na manunuzi ya mwezi, na manunuzi ya mwezi hufuatiliwa na nani? Arifa ikamfikia Shangazi ikiuliza keki iandikwe nini. Akajibu mwenyewe, akasahihisha na tahajia. Kuhusu zawadi ya saa ya ukutani aliandika kwamba anashukuru, ila angependa kujua kwa nini mtu anayepumzishwa anapewa saa.

Halafu akafanya jambo lililotuleta hapa. Aliifungua upya kazi ya ajali ya Fundi Ngazi. Akaiunganisha na ile ya jenereta ya asubuhi ileile. Kisha akaenda kwenye "Kumuaga mstaafu" na kuandika: inazuiwa na hii.

Kitufe cha "Imekamilika" kwenye kustaafu kwake kikageuka kijivu. Kikagoma. Bila kufunga kazi hiyo makaratasi yake hayaendi popote, kwa hiyo aliyekuwa akijizuia kwanza ni yeye mwenyewe. Afisa utumishi alikuja mbio. "Shangazi, nadhani umebonyeza kwa bahati mbaya." Akajibiwa kwamba tangu mfumo uje, hajabonyeza hata mara moja kwa bahati mbaya. "Na makaratasi yako?" akauliza tena. "Nitasubiri. Nimezoea kusubiri lifti."

Korido zilijaa minong'ono. Wapo waliosema hataki kuondoka. Wapo waliosema anatafuta mkataba mpya kwa mlango wa nyuma. Hata mimi, niliyekaa naye uso kwa uso miaka yote hiyo, nilimtazama kwa jicho la pembeni siku mbili hivi. Katika ofisi hii hata wema hupimwa kwanza kama una harufu.

Meneja wa uendeshaji akashuka kuja kukikata kiungo. Alikaa kwenye meza ya Shangazi, mbele yangu, na mfumo ukamdai sababu. Hapo ndipo nilipolikumbuka lile kabati la siku ya mkufunzi. Kila aliyeandikisha jina kwa ajili ya sherehe alikuwa mfuatiliaji wa kazi hiyo, yaani kampuni nzima, mkurugenzi akiwamo. Sababu yoyote ambayo angeandika ingetufikia sote kwa pamoja. Na kabla hata hajaandika, sote tulikuwa tumeshaletewa arifa na tumezisoma zile kazi mbili zikiwa ubavu kwa ubavu: fundi yumo shimoni, umeme unazimwa, jengo lilelile. Meneja aliandika herufi chache akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mimi nilikuwa nakunywa chai, na kikombe kiliisha kisanduku cha sababu kikiwa bado kitupu. Akainuka, akasema atarudi. Hakurudi.

Mkurugenzi aliwaita watu wa lifti na wa jenereta kwenye chumba kimoja, kwa mara ya kwanza tangu agizo la usafi. Mkuu wa jenereta alisema sentensi moja tu: "Tungejua kuna mtu shimoni, tusingezima." Taarifa imeandikwa upya. Chanzo sasa kinasomeka: idara mbili hazikujulishana, baada ya viungo vya kazi zao kukatwa. Neno uzembe limeondolewa. Fundi Ngazi ameandikiwa barua ya kurudi kazini, na kwa kuwa mguu haumruhusu kupanda tena, atakalia kiti cha mratibu, kiti cha Shangazi. Sijui kama ni heshima au ni njia ya kumweka mahali wanapoweza kumwona. Nitaangalia. Meza yangu inatazamana na yake.

Alifika Jumatatu na mkongojo wake. Alikuja kwa lifti, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akatoka akiwa ameshika ukuta. Shangazi alikuwa mlangoni akimsubiri. Alimshika mkono akamwongoza hadi kwenye kiti, akamwonyesha kitufe cha "Unganisha", akamwachia na kopo la vile vimpira vya zamani, akidai kwamba umeme huwa unakatika. Mimi nilijifanya napokea simu, maana macho yalikuwa yameshaanza kuvuja.

Shangazi, kwa niaba ya mafundi, bohari, utumishi pamoja na mkasi wao, na mhasibu ambaye amekubali kusimama karibu nawe kwenye picha, tunakushukuru. Ulitushuku sote kwa usawa, na leo tunaona kwamba kushuku kwako kulikuwa kututunza. Pumzika kwa afya, ulale mpaka jua likuchoke, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na lifti yoyote utakayoipanda ifike pale ulipoiambia. Maisha ya mbele yawe mema kwako.

Kuhusu tarehe, nimalizie. Kwa sheria yako mwenyewe, kitufe habonyezi aliyefanya kazi, anabonyeza aliyelalamika, na hapa mwenye malalamiko ni aliyeumia. Jumatatu Fundi Ngazi aliifunga mwenyewe kazi ya ajali, na kwa kuwa ya kukuaga ilikuwa ikiingojea hiyo, nayo tumeiacha mikononi mwake. Kitufe si cha kijivu tena, kimekuwa kijani tangu Jumatatu. Kila nikimwuliza kwa nini habonyezi, ananiambia bado anahakiki. Simwamini hata kidogo, na simharakishi. Hadi programu hii inapelekwa kuchapwa, Shangazi, kazi ya kukuaga bado iko wazi.