Profesa Oola na Alama Moja Aliyokataa Kuongeza

Profesa Oola alistaafu rasmi tarehe 30 Juni, baada ya kufundisha Uchumi Mdogo katika idara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Sherehe ya kumuaga inafanyika leo, tarehe 12 Septemba. Keki ya kwanza, iliyoandikwa tarehe ya Juni, tuliila wenyewe ofisini. Sababu ya kuchelewa itafuata. Profesa naye hakuwahi kumpa mtu jibu kabla ya kumpitisha njia nzima.

Somo lenyewe ni la mwaka wa pili. Linaeleza kwa nini maharage yakipanda bei mtu hununua kitu kingine, jambo ambalo kila mpishi wa Kansanga, hapa Kampala, analijua, ila Profesa alilihitajia kurasa nne za hesabu na mchoro wa mistari iliyopinda. Mlango ulifungwa saa moja kamili asubuhi. Mvua haikuwa sababu, foleni ya magari haikuwa sababu. Mwaka 2019 alichelewa yeye mwenyewe dakika mbili, akakataa kuingia, akafundishia dirishani.

Kilichotuchosha zaidi ni usahihishaji wake. Karatasi zilirudi bila alama. Pembeni mwa kila kosa paliandikwa namba ya ukurasa wa kitabu. Mwanafunzi akasome, alitambue kosa, ajikatie alama mwenyewe, kisha alete jumla. Waliojipendelea walirudishwa. Kila muhula foleni yao ilifika ngazini, na malalamiko yakaletwa ofisini kwetu, kana kwamba sisi ndio tuliopinda ile mistari.

Mwaka huu akawepo Kahambu, ambaye huuza vitenge na mama yake kule soko la Nakivubo tangu familia ilipohama kutoka Butembo, Kongo. Mwezi Mei alipata arobaini na tisa. Kufaulu ni hamsini. Alibakiwa na mtihani mmoja wa marudio mwezi Agosti. Akianguka huo, chuo basi.

Idara nzima tulimsihi Profesa aongeze alama moja, tuagane kwa amani. Dkt. Sumayiya, aliyerithi somo lake, alimbembeleza wiki nzima. Kahambu naye akajitetea kwa Kiswahili cha kwao: "Prof, miye niko naelewa. Ni mkono yangu yenye haielewe."

"Wewe naelewa na mdomo, nyabo," akamjibu Profesa, akimwita bibie kwa kile cha Kampala. "Mtihani hana masikio."

Arobaini na tisa ikabaki arobaini na tisa. Kisha mzee, badala ya kwenda nyumbani kupumzika kama wastaafu wengine, akahamia Nakivubo. Kila Jumamosi ya Julai, na ya Agosti hadi siku ya mtihani, alikaa juu ya robota la vitenge akimfundisha Kahambu kwenye karatasi za kufungia bidhaa, huku wateja wakimuuliza yeye bei. Tuliahirisha sherehe mara mbili. Hakuwa na nafasi. Mama Kahambu alivumilia mpaka akashindwa: "Papa Prof, hiyo ni wax ya watu, haiko kiti!" Akasogea kidogo, akaendelea.

Siku moja kitambaa kilipanda bei, na mteja akanunua vipande vingi kuliko kawaida yake. Jambo hilo halikuwemo kwenye mchoro. Jumamosi tatu zilizofuata Profesa alimngojea yule mteja amhoji.

Karatasi ya Agosti ilisahihishwa na Dkt. Sumayiya, alama zikiandikwa pembeni kama wanavyofanya binadamu wengine. Kahambu amepata sitini na mbili. Profesa aliiomba, akakaa nayo siku mbili, akairudisha na taarifa kwamba yeye angempa hamsini na nane. Tumemshukuru kwa maoni yake.

Profesa, wengi waliopita darasani kwako bado wamekukasirikia, na hakuna hata mmoja aliyesahau kuuchora ule mstari. Ahsante kwa yote mawili. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi na maisha mema. Kahambu anaanza mwaka wa tatu Jumatatu saa mbili. Tafadhali, usije.