Folda ya Kila Mtu

Aliyemwambia Mama Pacha kwanza ni wifi yake, mfagiaji wa zahanati: majibu ya vipimo vya wagonjwa wote yanasomeka kwenye kompyuta yoyote mle, hadi ile ya mlinzi getini. Majibu ya Mama Pacha na ya wanawe yalikuwa humo, na mtaani hakuna aliyejua kuwa amepima. Jioni akabeba birika lake hadi benchi la mbele ya kinyozi, akamimina kahawa kama siku zote, macho chini. Alikuta wanaume wa kijiweni wameshaanza kuizungumzia habari hiyo.

— Umesikia wapi? aliuliza Kinyozi.

— Kwa wifi yake huyu, alisema Dereva, akimwelekezea Mama Pacha kidole.

— Wifi wa mtandao au wa ukoo?

— Wa ukoo. Ule wa mtandao ungekuwa umeshakatika.

Wakacheka.

— Fundi wa kompyuta kachoka kuitwa, Dereva akaendelea. Leo folda ya majibu haifunguki kwa daktari, kesho kwa nesi, keshokutwa kwa karani. Badala ya kumpa kila mmoja ruhusa yake, kaandika: Kila Mtu.

— Kosa liko wapi? Umoja ni nguvu! alisema Wakili, mshona viatu aliyepewa jina hilo kwa ubishi.

— Ufunguo wa choo ukipotea, wapangaji wote wapewe wa chumba chako? aliuliza Dereva.

— Mimi nasema huyo Kila Mtu ni mtu kamili, alisema Wakili. Kaingizwa kazini kwa mlango wa nyuma.

— Basi ni ndugu yake Mfanyakazi Hewa, alisema Kinyozi.

— Chekeni tu, alisema Dereva. Mlinzi kashaanza mafumbo. Eti kuna mama mmoja, mtaa huu huu...

Kahawa ikafurika, ikamwunguza Mama Pacha vidole.

— Taratibu, shemeji!

— Lisemwalo lipo, alisema Wakili, na leo methali yake ikakaa mahali pake.

Mteja wa Kinyozi, aliyeachwa kanyolewa nusu kichwa, akachungulia mlangoni.

— Samahani, wakubwa. Hiyo folda imeshafungwa?

Kinyozi akamtazama Dereva. Dereva akamtazama Wakili. Wakili akatazama kikombe chake.

Asubuhi Mama Pacha alifika zahanati kabla ya foleni, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, akamuuliza karani swali lile lile.

— Fundi ana ruhusa, dada, hayupo kazini. Njoo wiki ijayo.

Kompyuta za ndani hakujua ni ngapi. Akaanza na ya getini: akachomoa waya wake, akaukalia.