Mama Vifurushi Anaziacha Faili Zake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Vifurushi, kama tunavyomwita kwa kazi yake ya kufungasha programu, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kujitolea katika mradi wetu wa programu huria.

Wengi mnaifahamu programu yenyewe, ile inayotunza kadi za wagonjwa zahanatini. Wachache mnajua kwamba isingewaka kwenye kompyuta yoyote bila faili zake: kurasa chache kavu zinazoieleza kompyuta isakinishe nini, toleo gani, na kipi kitangulie. Sisi waandishi wa programu tulipigiwa makofi. Yeye alikumbukwa siku kitu kilipokwama.

Alianza akiwa karani wa masjala, kwenye meza ya jikoni kwake, na ameandaa matoleo mia moja na arobaini. Mkutanoni aliwahi kutuambia kwamba tunapika kwa mbwembwe, halafu yeye ndiye anayeosha masufuria. Tulicheka mpaka machozi. Hakuna aliyemuuliza kama anatania.

Miaka mitatu iliyopita macho yakaanza kumwangusha. Mumewe, fundi cherehani asiyejua lolote la kompyuta, akawa anamsomea mstari kwa mstari: "Nukta, nukta, kistari cha mshazari. Hapa pana nafasi, mke wangu, sijui ni moja au mbili."

Zilitakiwa mbili. Mwezi Machi toleo lilitoka na moja, na kwa siku mbili zahanati tisa hazikuweza kufungua orodha za chanjo. Akina mama walirudishwa nyumbani na watoto wao mgongoni. Alirekebisha mwenyewe, kisha akatuandikia: "Kosa ni langu. Naombeni mtu wa kunipokea. Hii ni mara ya nne naomba."

Tulimjibu kwa pole nyingi. Mimi ninayeandika haya niliahidi kuangalia ratiba yangu. Tangazo la kumtafutia wa kumpokea limekaa miezi mitatu, hakujitokeza mtu.

Juzi nilimtembelea. "Amepatikana?" akauliza kabla sijakaa. Nikamwambia bado. Akamgeukia mumewe, aliyekaa mbele ya kompyuta: "Basi, baba, izime."

Mama, ahsante. Tumekuchosha, na kiti chako hakina mtu. Zahanati zitabaki na toleo lako la mwisho hadi siku litakapogoma, na siku hiyo hatutajua tuanzie wapi. Pumzisha macho yako, ukae kwa amani na mzee wako. Ukiweza, utusamehe.