Zipu ya Upande Mmoja

Sogea karibu na redio, msikilizaji, na kama una chungu jikoni punguza moto kidogo. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyeshona hema, akalibeba hadi ng'ambo. Wasikilizaji wapendwa, wengi wetu tulimwita Mama Zipu. Ametutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na minane. Ameacha watoto, ameacha mume, na ameacha tiketi mbili za ndege juu ya kabati.

Suruali niliyovaa siku yangu ya kwanza hapa studioni aliipunguza yeye. Akaniambia, "Mwanangu, sauti unayo, kiuno huna."

Kazi yake aliifanyia katika chumba kimoja, kando ya duka la rangi. Cherehani dirishani, ramani ukutani. Mumewe ni fundi mwashi, viganja vyake vipana kama mwiko wa saruji. Walitaka kutembea dunia, watu wakawacheka. Dada wa mume akamwambia, "Wifi, safari ni za wenye nazo." Mama Zipu hakuinua hata kichwa. "Wenye nini? Miguu ninayo."

Hema alilishona kwa vitambaa vya miavuli iliyovunjika. Wakaanza na kisiwa kidogo kisicho na hoteli wala duka. Jioni ya kwanza mlinzi wa mnara wa taa alipita wakiwa ndani, akawavutia zipu kwa nje mbu wasiingie, akaenda zake. Asubuhi jua linawaka, wanataka kutoka. Lo! Kishikio cha zipu kiko nje tu. Ndani hakuna. Fundi mzima amejifungia ndani ya kazi yake mwenyewe!

Mume akajaribu kupenyeza mkono pale zipu inapoishia. Vikapita vidole viwili. Mke akapitisha mkono wake mwembamba, akapapasa, akafungua. Tangu hapo kufunga na kufungua ikawa kazi yake. Mume alimwomba mara ngapi aweke kishikio cha ndani! Alikataa katakata. "Ukiweza kutoka peke yako, utakwenda kuona macheo bila mimi."

Basi wakatembea hivyo miaka thelathini na mmoja. Nchi saba, wasikilizaji wapendwa. Narudia, nchi saba, kwa hema la miavuli. Kwenye mpaka mmoja ofisa alimuuliza kazi yake. Akajibu, "Najenga nyumba za kukunja. Huyu mume wangu anajenga zile zisizosogea." Katika nchi moja ya baridi upepo ulichana mahema ya dukani, yale ya bei mbaya. La kwake likasimama. Akatoa sindano, akawashonea majirani wote hadi mchana, lugha yao haijui hata neno moja. Nikisimulia hili kifua changu kinajaa. Huyu ni wa kwetu!

Nchi ya nane ilikuwa iwe mwezi huu. Moyo wake ukachoka kabla. Akamwambia mumewe, "Utakwenda." Mzee akasema, "Bila wewe siendi hata sokoni." Hapo wakavutana, na hadi anafumba macho mzee hakuwa amekubali.

Binti yao mkubwa ananieleza: "Mama aliomba tumsogezee cherehani kitandani. Alishona siku kumi na moja, anapumzika, anashona. Akaniambia, mpe baba yako tukishamaliza mazishi."

Mzee alipewa furushi, akalikunjua sebuleni. Lilikuwa hema lilelile, limepunguzwa. La mtu mmoja. Akaingiza ule mkono wake mkubwa, akapapasa zipu kwa ndani. Kishikio kipo. Kikubwa, kimefungwa utepe mwekundu asikikose. Binti anasema baba yake alilia mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Begi langu mmeliweka wapi?"

Anaondoka Jumamosi.

Kwa watoto, kwa wifi aliyewacheka na baadaye akaomba kupelekwa kisiwani, kwa majirani wa duka la rangi, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tulio hai tujiulize: wanaotutegemea, tumewaandalia nini cha kushika siku tusipokuwepo?

Na wewe mzee wetu, najua unanisikia. Nenda salama. Ukifika, asubuhi na mapema, vuta utepe mwekundu, utoke ukaone macheo. Umeruhusiwa.