Kilio cha Mjomba Aliye Hai

Baba na mama, kabla hatujaimba tena, niachieni nafasi kidogo. Bwana amenifikisha uzeeni, nami nina jambo la kumshukuru.

Wengi wenu mnajua nilifanya kazi ya reli hapa Kamina. Nilikuwa mtu wa kubadilisha njia, ili gari-moshi lisiingie penye mabehewa mengine. Kisha macho yangu yakaanza kuingia ukungu. Mchana niliweza. Jua likishuka, nilimwona mwenzangu kama gogo lililosimama. Nikisema, wataniondoa, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya kazi. Nikinyamaza, nitaua mtu. Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa hapo katikati kama panya ndani ya mtego.

Nikakimbilia visingizio. Kila nilipopangiwa zamu ya jioni, nina malaria. Mtoto anahara. Mke ameteleza kisimani. Mnacheka! Mimi sikucheka. Visingizio vilipoisha, nikamuua mjomba wangu wa Luena kwa mdomo tu: nikatuma habari kazini kwamba amefariki.

Nilisahau sisi ni watu gani. Huku kwetu ukifiwa, wenzako wa kazi hawatumi pole tu, wanakuja kuketi nawe. Alasiri ile niliwaona wakiingia uani na kuni, makaa na unga, shefu, mkubwa wetu wa kazi, mbele. Mke wangu akanivuta jikoni.

"Nani amekufa?"

"Mjomba. Lia kidogo, mama."

"Miye? Nilie muntu mwenye iko muzima? Lia weye!"

Nje wakawasha moto, wakatandika mikeka. Shefu akaniuliza, "Baba, maiti iko wapi?"

"Iko Luena."

"Bon. Kesho tunapanda gari pamoja na weye. Hatuwezi kukuacha peke yako."

Kila wema wao ulinifungia mlango mwingine.

Kisha mmoja wao, mtu wa sala, akavua kofia, akaiombea roho ya mjomba. Aliomba vizuri, akawakumbuka na watoto aliowaacha. Alipomaliza, wote wakasema amina. Kinywa changu kikakataa. Tangu utoto neno hilo halijawahi kunishinda. Wakanigeukia wote.

Nikasema, "Mjomba iko muzima. Macho yangu njo inakufa."

Kisha fundi mmoja akapiga goti lake kwa kiganja. "Njo maana juzi ulisalimia pompi ya maji: jambo, shefu!"

Wakacheka, na shefu pia, huku akijifuta uso. Halafu akaniambia polepole, "Baba, ungeua bantu. Kwenye njia hautarudia tena."

Sitawadanganya: niliondolewa kweli, na nyumba tukaiacha. Tulibanana na watoto katika chumba kimoja. Lakini shefu yule yule alinishika mkono hadi kwa daktari wa macho. Jicho moja likapona, la pili likabaki giza. Baadaye nikapata kazi ya mchana, kulinda ghala, na usingizi wangu ukarudi.

Namshukuru Mungu, na mke wangu aliyekataa kulia, na wale wenzangu ambao hakuna hata mmoja aliyeniita mwongo mbele ya watoto wangu.

Na wewe uliyeketi hapa, uliyetuma habari kazini kwamba una homa, na homa huna: sikuulizi unaogopa nini. Mtafute mtu mmoja, umwambie leo, kabla hawajaja kukuombea kwa msiba usio wako.