Miaka Thelathini na Minne na Wiki Kumi za Mwalimu Elinipa

Jumapili tarehe 31 Agosti 2025, Mwalimu Elinipa Mshana anatimiza umri wa miaka sitini na kustaafu utumishi wa umma, baada ya kufundisha Hisabati kwa miaka thelathini na minne. Nusu ya kwanza aliitumikia Kibaha, na nusu ya pili hapa kwetu, Shule ya Sekondari Mzambarauni, kata ya Marui, Kisarawe. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu naitwa Bilali, nafundisha Kiswahili, na hesabu ilinishinda tangu Kidato cha Pili. Tarakimu zote mtakazokutana nazo humu zimehakikiwa na mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Mwalimu Elinipa aliripoti Marui mwaka 2008, shule ikiwa na madarasa mawili na choo kisicho na mlango. Walimu walioripoti naye walikuwa watatu, na wote waliomba uhamisho kabla masika hayajaisha. Yeye alibaki. Familia yake ipo Mkuza, kulekule Kibaha, kwa hiyo kwa miaka kumi na saba amekuwa akienda nyumbani Ijumaa na kurudi shuleni Jumapili, sehemu kubwa ya njia akiwa nyuma ya pikipiki, daftari za wanafunzi kifuani ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe. Wanafunzi wanamwita Madam Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno lake akiona jibu limepatikana bila njia. Jina hilo analijua, na halimsumbui hata kidogo.

Alikuwa pia mwalimu wa nidhamu, na hapo ndipo alipoogopwa. Simu haziruhusiwi shuleni, nasi tuliamini Mwalimu Elinipa ana uwezo wa kusikia hata simu iliyozimwa. Mwaka 2013 alimnyang'anya simu binti mmoja wa Kidato cha Tatu aliyeitwa Shamsia, akamrudishia siku ya mahafali. Shamsia huyo leo ni mwalimu wetu wa kompyuta, na tutakutana naye punde.

Kuna mwaka mmoja ambao Mwalimu hapendi kuuzungumzia, lakini ameniruhusu niuandike. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa goti na kukaa nyumbani kuanzia Agosti hadi Novemba. Shule haikuwa na mwalimu mwingine wa Hisabati. Kidato cha Nne wale, vijana thelathini na wanane, walimalizia mwaka wenyewe, wakaingia kwenye mtihani wa taifa, na katika Hisabati walifaulu watatu. Wale thelathini na watano anawajua kwa majina mpaka leo, na nani anafanya nini wapi. Mimi nimewahi kumsikia akiyataja, mmoja mmoja, na nilishindwa kumtazama usoni.

Sasa hesabu yenyewe ni hii. Kidato cha Nne cha mwaka huu kina wanafunzi arobaini na mmoja. Mtihani wao ni Novemba. Mwalimu anastaafu mwisho wa Agosti, daktari ameshamkataza kupanda pikipiki, na mwalimu wa kumpokea tumeahidiwa Januari. Katikati pana wiki kumi zisizo na mtu, zilezile za mwaka 2019. Sisi wengine tuliziona wiki hizo mwaka huu. Yeye aliziona Januari 2024, watoto hao wakiwa ndio kwanza wanaingia Kidato cha Tatu.

Mwezi huohuo aliingia ofisini na simu kubwa mpya ikiwa bado ndani ya boksi, akaiweka mbele ya Shamsia, akamwomba amfundishe kufundisha kwa mtandao. Shamsia alituambia baadaye kwamba alijiona kana kwamba ameitwa tena kwa mwalimu wa nidhamu.

Nimefundisha miaka ishirini na mbili na sijaona mwanafunzi wa namna ile. Kila siku baada ya vipindi alikaa dawati la mbele, akinyoosha mkono kabla ya kuuliza, na binti aliyemfundisha akimwita Mwalimu. Alinunua kaunta buku na kuandika kila hatua kwa mwandiko wake ulionyooka: bonyeza alama ya kamera, subiri, usibonyeze tena. Somo asilolielewa alilirudia mara saba, nane. Ukurasa wa arobaini na mbili umeandikwa sentensi moja tu, kwamba leo nimefuta kazi ya wiki nzima na nimeomba radhi.

Makosa yalikuwepo, na tuliyafurahia. Ukuta mweupe hatuna, hivyo Shamsia aliwasha projekta na kuelekeza picha ya grafu juu ya ubao. Mwalimu akachukua chaki akaiendeleza grafu ileile. Picha ilipobadilika mstari wa chaki ukabaki, naye akachukua dasta na kuanza kuifuta picha. Picha haikufutika, ikamhamia mgongoni. Tulikuwa walimu wanne dirishani, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Wiki iliyofuata niliona aibu. Mwalimu alikuwa akionyesha mistari ya grafu mitupu ubaoni, mwanafunzi anachora kwa chaki anavyodhani, kisha projekta inaleta jibu juu ya mchoro wa mtoto. Mtoto anaona mwenyewe alipopotoka, bila kuambiwa na mtu. Kosa la dasta alikuwa amelala nalo, akaamka nalo limekuwa mbinu. Leo walimu wa Jiografia na Fizikia wanaitumia, na hata mimi nimeijaribu kwenye uchambuzi wa sentensi.

Kipindi cha kwanza cha mbali kilikuwa Jumamosi moja ya Machi 2024, yeye sebuleni kwake Mkuza, darasa Marui. Mwalimu Elinipa hafundishi darasa ambalo halijasimama na kuamkia. Alipotokea ubaoni darasa lilisimama na kutoa shikamoo ya nguvu, lakini mtandao siku hiyo ulikuwa unachechemea. Yeye aliona midomo inacheza, sauti hakuna. Akaagiza warudie. Wakarudia. Akaagiza tena. Salamu zilipofika zilifika zote tatu kwa mpigo, naye akaitikia marahaba tatu, moja baada ya nyingine, kwa kuwa salamu ya mtoto haiachwi hewani. Dakika kumi na nne za kipindi zikaishia hapo.

Wazazi hawakupendezwa. Mzee Kitwana, mkulima wa hapahapa Marui, babu yake Mwanaamina wa Kidato cha Nne, alikuja kuhakikisha watoto hawafundishwi na sinema. Alikaa nyuma vipindi viwili mfululizo, kofia mapajani. Katikati ya somo Mwalimu alimwita Mwanaamina kwa jina na kumwambia anyanyue kichwa, akanawe uso, arudi. Mzee alitoka nje akatuambia, "Mie mwalimu wangu alisimama mbele yangu hapa na hakuniona miaka saba. Huyu mama yuko Kibaha, kamwona mtoto anasinzia!" Tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyelalamika.

Juni na Julai mwaka huu, akiwa likizo ya kustaafu, alifundisha kila siku kutoka Mkuza. Umeme ukikatika alituma somo kwa ujumbe wa sauti, na Shamsia akawasikilizisha darasani. Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka wiki iliyopita: kati ya arobaini na mmoja, waliofaulu Hisabati ni ishirini na tisa. Nilimpigia kumpongeza. Akaniuliza majina ya wale kumi na wawili.

Kwa desturi yetu mstaafu hupewa zawadi, nasi tulikuwa tumemchagulia kiti kizuri cha kupumzikia. Alipopata fununu aliomba tukibadilishe kwa ubao. Kwa hiyo Ijumaa hii, badala ya kiti, atakabidhiwa ubao wa futi nane, na fundi ameshapima ukuta wa sebule yake ya Mkuza, ambako kabati la vyombo limehamishwa. Mkuu wa Shule alimwombea kibali cha kujitolea hadi mtihani uishe, nacho kimetoka.

Mwalimu Elinipa, tunakushukuru. Umetufundisha wote, wenye sare na tusio na sare. Mungu akupe afya, goti litulie, wajukuu wakuzoee. Wasifu kama huu humalizika kwa kumtakia mstaafu mapumziko mema, lakini hayo tutakutakia Novemba. Jumatatu saa mbili asubuhi una kipindi, na darasa litakuwa limesimama.