Matofali ya Karatasi

Cirhuza alipanda basi dogo pale Nyawera akiwa amenuna, amekumbatia roli za karatasi za kubandika ukutani, zenye picha ya matofali mekundu. Apolline, mama asiyemjua aliyekaa pembeni, akazigusa.

"Papa, hizi ziko nzuri!"

"Nzuri ya nini? Nyumba yangu ya Kasha iko ya mbao. Kila musumari nilipiga na huu mukono. Sasa bibi yangu anasema wakwe wakikuja kuleta mahari ya mutoto wetu, wakute matofali mu salon, pa kukaribishia wageni!"

"Iko na haki. Mbao inaleta haya."

"Haya? Hao wakwe wataingilia wapi, mu mabati? Si wataona mbao inje, mbele ya kuingia?"

Abiria wakacheka. Cirhuza akazidi kuwaka, maana mbao zile ndizo zilizomlelea watoto, na hakuna mvua iliyowahi kupenya.

"Sasa juu ya nini ulizinunua?" Apolline akamuuliza.

"Nilitumwa!"

"Basi unipatie. Hata nyumba yangu iko ya mbao."

"Maman, toa mukono!"

Basi likasimama Kasha. Cirhuza akashuka kwenye manyunyu, akaanza kupanda mlima huku akigomba peke yake, koti lake amelivua na kuzifunika karatasi.